Leo Njia Inapumzika

Mjini, 9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na cherehani yako isiwe inakusumbua kama ile ya mwanzo. Mimi bado niko kwenye kibanda changu cha saa, nafungua za watu na kuzifunga.

Najua sijaandika tangu tumzike Baba. Nigombeze, nastahili. Leo nimeshika kalamu kwa sababu ya habari ambayo mteja alikuwa akiisoma gazetini huku akisubiri saa yake, akaisoma kwa sauti kibanda kizima kisikie. Mahakama ya juu imeamua kesi ya njia. Watu walikuwa wakikatiza kwenye shamba la bwana mmoja miaka na miaka, hawaombi ruhusa wala hawazuiwi. Bwana akaamua kujenga ukuta, wakamshtaki. Mahakama imesema njia hiyo sasa ni haki ya watu, na mwenye shamba hana tena uwezo wa kuifunga.

Nikaukumbuka uchochoro wetu, unaokatiza uani kutoka barabarani mpaka zahanati na shule. Swali langu ni dogo. Unakumbuka kama Baba aliwahi kuufunga? Hata kwa siku moja? Mimi nilikuwa mtoto, halafu nikapelekwa shule ya bweni, kwa hiyo ninayoyakumbuka ni vipande vipande. Nauliza tu.

Mdogo wako,
Maswali

*

Nyumbani, 20 Februari

Maswali,

Marahaba. Eti "nauliza tu." Tangu uanze kusema hujawahi kuuliza tu, ndiyo maana Baba akakubandika jina hilo. Uliwahi kuuliza tu ufunguo wa kabati unawekwa wapi, na sukari ya wageni ikaisha.

Habari ya hukumu hiyo ilifika hapa kabla ya barua yako. Mama Pacha, yule jirani wa nyuma, alikuja nayo mbio, pacha mmoja mgongoni na mwenzake anamburuta, anapiga kelele: "Shoga, sasa hakuna wa kututoa hapa!" Watu wamefurahi, na wana haki ya kufurahi. Bila uchochoro huu mgonjwa wa zahanati anazungukia barabara ya malori, na watoto wa shule vilevile. Mwaka juzi mtoto aligongwa kule. Na mimi nikufiche nini? Nusu ya wateja wangu ni wapita njia. Mtu anampeleka mwanawe shule, akiiona cherehani yangu anakumbuka kwamba sare imechanika makalioni.

Sasa nijibu wewe. Jumanne alikuja mwanamume na kamba ya kupimia, akapima uchochoro ukuta hadi ukuta, akaandika kwenye kikaratasi. Nikamuuliza nani kakutuma. Akasema, "Mwenye nyumba." Nikamwambia mwenye nyumba ndiye huyu unayemkanyagia vitambaa. Akacheka, akaenda zake. Mirathi iliandika majina mawili, langu na lako, na mimi sikumtuma mtu.

Unauza, Maswali? Kama unauza, sema. Na huo mwandiko ni wa nani? Zamani uliandika vidogo mpaka naomba miwani. Sasa herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa chekechea. Nani anakuandikia barua zako?

Dada yako

*

Mjini, 3 Machi

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwandiko umebadilika, basi. Mpimaji nilimtuma mimi na nilikosea kutokukujulisha. Nilitaka kujua upana wa uchochoro, hakuna zaidi. Siuzi.

Nina mteja wakili, nimezungumza naye. Anasema ile hukumu ina upande wa pili ambao watu hawausemi. Kama mwenye ardhi alikuwa akiifunga njia walau siku moja kila mwaka, akawaonyesha watu kwamba siku nyingine wanapita kwa hisani yake, basi njia inabaki yake na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini inabidi jambo hilo lithibitishwe mahakamani mapema, kabla wakazi hawajaenda wao kuidai.

Mimi nina kumbukumbu ya Baba akisema, "Leo njia inapumzika." Alisema kweli, au niliota? Na kama alisema, aliifungaje? Wewe ulikuwepo miaka yote. Tafadhali nieleze, na usiniulize kwa sasa nayatakia nini. Nitakueleza siku nitakayokuwa na uso wa kukueleza.

Maswali

*

Nyumbani, 14 Machi

Mdogo wangu kipenzi,

Marahaba, marahaba sana. Nimekaa nikatulia, nikaona nilikufokea bure. Umebaki wewe peke yako, nikikufokea wewe nitazungumza na nani?

Hukuota. Kila mwaka mvua zikishakatika, Baba alichagua siku yake, akasema, "Leo njia inapumzika," na hakupita mtu mpaka jua lizame. Alifunga kwa mnyororo. Hivi kweli umeusahau ule mnyororo mwekundu? Aliupaka rangi iliyobaki kwenye mlango wa mbele, akaupitisha kwenye pete mbili za ukutani, na katikati kufuli kubwa la chuma. Ufunguo aliuvaa shingoni. Wewe ulipenda kuuning'inia kabla rangi haijakauka, ukanichafulia gauni langu jeupe, nikapigwa mimi.

Mweleze wakili wako hivyo hivyo. Mimi nipo, ukihitaji jingine niulize.

Dada yako anayekupenda

*

Mjini, 25 Machi

Dada,

Shikamoo. Ahsante. Hujui umenitua mzigo gani. Mnyororo umenisumbua kidogo, maana kichwani mwangu kulikuwa na kitu kingine kabisa, lakini mimi nilikuwa mtoto na wewe ulikuwa mkubwa.

Wakili amefungua shauri. Usishtuke ukisikia. Wewe hushtakiwi, inayoshtakiwa ni kamati ya wakazi. Nivumilie mpaka liishe, nitakuja mwenyewe tuzungumze ana kwa ana.

Maswali

*

Nyumbani, 6 Mei

Kwa Wakili wa Kamati ya Wakazi

Ndugu Wakili,

Mimi ndiye fundi wa nguo wa pale uchochoroni, na aliyewashtaki wateja wako ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Mama Pacha amenionyesha nakala ya kiapo chake. Ameapa kwamba alimwona kwa macho yake marehemu baba yetu akiifunga njia kila mwaka kwa mnyororo mwekundu wenye kufuli, uliopita kwenye pete mbili za ukutani.

Mnyororo huo haujawahi kuwepo. Tuma mtu akaangalie ukuta. Hakuna pete, wala tundu la pete, wala alama ya tundu.

Niko tayari kusema hivyo mbele ya hakimu, ila nina sharti langu. Niulize juu ya mnyororo, nami nitakujibu. Usiniulize kingine chochote kuhusu baba yangu na njia ile. Nitakuwa nimeapa, na ukinizidishia swali itabidi nilijibu, na jibu huenda lisikufae.

Wako,
Fundi wa nguo

*

Nyumbani, 11 Juni

Maswali,

Leo sina marahaba ya kumpa mtu.

Hukumu umeisikia, lakini nataka uisome na kwa mkono wangu. Hakimu alitusomea ile hukumu ya mahakama ya juu karibu yote, kisha akasema hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba uchochoro uliwahi kufungwa, kwa hiyo ni haki ya watu. Hauzibwi na wewe, hauzibwi na mimi, hauzibwi na huyo mnunuzi wako popote alipo. Watu walishangilia mpaka askari akawatishia kuwatoa nje.

Na ushahidi wangu uliusikia. Wakili wa wakazi aliniuliza, "Shahidi, uliwahi kuuona mnyororo huo?" Nikasema, "Sijawahi." "Kufuli je?" "Hapana." "Pete za ukutani?" "Hapana, mheshimiwa." Akakaa. Wakili wako akainuka na karatasi zake, akazikoroga weee, akasema hana swali. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lake moja, hakuliuliza. Nikashuka kizimbani.

Sasa nikwambie. Mnyororo niliutunga mimi. Nilikaa kwenye cherehani nikautunga na rangi yake na kufuli lake, hata gauni jeupe, nione utaupeleka wapi. Ukaupeleka moja kwa moja kwa wakili! Ndipo nikajua barua zako za "nakumbuka" na "nauliza tu" zilikuwa chambo. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa ili uuze nyumba nikiwa ndani. Ulidhani nimekaa huku nashona vifungo tu, sina akili.

Lakini lililoniuma ni jingine. Nilisimama kwenye korido ya mahakama nikakungoja. Nilivaa lile gauni la njano unalolijua, kusudi unione. Nilitaka unitazame usoni kwanza, halafu ndipo niseme nitakachosema. Ukaja, ukanipita. Hata shikamoo hukunipa, umemshika wakili wako mkono kama bwana harusi, mkaingia. Mimi niliyekubeba mgongoni! Ungeniamkia siku ile, sijui ningefanya nini kule ndani.

Hakimu ameagiza jalada lako liende polisi kwa kosa la kiapo cha uongo. Hilo sikulipanga. Nilipolisikia nilitafuta pa kukaa. Lakini na wewe, nani alikutuma kuapa kwamba uliona kwa macho yako?

Dada yako

*

Mjini, 24 Juni

Dada,

Shikamoo, upokee au usipokee.

Sikukuona. Naandika maneno haya taratibu ili yasomeke: koridoni pale sikukuona. Macho yangu yanaharibika. Yalianza mwaka jana, doa dogo katikati ya kila ninachokitazama. Kwanza zilipotea skrubu za saa za kike, halafu mishale, halafu nyuso. Sasa mtu akisimama mbele yangu naona mabega, uso siuoni mpaka aseme neno. Ndiyo sababu ya mwandiko. Wakili nilimshika mkono kwa ajili ya ngazi. Ungesema neno moja ningekujua, Dada. Ulinyamaza.

Kibanda nimekirudisha kwa mwenyewe. Fundi saa asiyeona saa atamdanganya nani? Mnunuzi hakuna, hajawahi kuwepo. Nilitaka kurudi nyumbani. Nyumba ina vyumba viwili, kimoja unalala na kingine umejaza vitambaa vya watu, na nafasi pekee ya kujenga changu ni pale uchochoroni. Mpimaji nilimtuma kwa ajili hiyo. Nilitaka nije nikiwa na pa kulala pangu, nisije nikakukalia kichwani. Kwenye barua nilishindwa kuliandika. Nilijua ungesema njoo, na nilijua ungesema kwa huruma, nikaogopa.

Kuhusu mnyororo. Mimi nilichokumbuka ni benchi. Baba ameliweka benchi katikati ya uchochoro, amekaa juu yake kutwa na redio mapajani, anamsalimia kila anayekuja, anauliza habari za watoto, kisha anamwambia, "Leo njia inapumzika, zunguka bwana." Nilimwambia wakili benchi. Halafu ikaja barua yako ya mnyororo. Wakili akaniuliza, "Sasa tushike lipi?" Nikamwambia dada yangu amesema mnyororo, basi ni mnyororo. Akili yangu haikunipa hata kidogo kwamba utanidanganya. Nikaona ni kichwa changu kimechanganya mambo, kama macho yalivyoanza kuchanganya. Akasema ya kusikia hayapokelewi mahakamani, sema uliona. Nikasema niliona. Kosa hilo ni langu na simsingizii mtu.

Polisi wamenitaka niende mwezi ujao. Wakili anaitaka barua yako, awaonyeshe kwamba nilidanganywa, anasema itaniokoa. Nimemwambia nimeichoma. Sijaichoma, nimeiweka humu ndani ya bahasha hii. Wakiipata watakuuliza kwa nini uliutunga mnyororo, na baada ya hapo watakuuliza kwa nini ulinyamaza juu ya benchi. Ifanye utakavyo.

Mdogo wako,
Maswali

*

Nyumbani, 5 Julai

MDOGO WANGU,

Naandika herufi kubwa, mstari mmoja nauruka, ili usome mwenyewe na lenzi yako ya kazi. Usimpe mtu akusomee.

Marahaba. Marahaba na ile ya koridoni.

Nimeirudia barua yako mara nyingi nikitafuta uongo umekaa wapi. Nilikwenda mpaka zahanati nikamuuliza muuguzi kama kuna ugonjwa wa macho unaokula katikati na kuacha pembeni. Nilikuwa bado nakupima, unaona nilivyo! Akasema upo. Akaniuliza ni nani anaumwa, nikageuka nikarudi kwangu nikalia mbele ya wateja mpaka mmoja akaniombea maji.

Benchi ni kweli. Lipo. Ndilo ninalokalia nikishona kila siku, na ndilo nililokuwa nimekalia nilipokutungia mnyororo. Nililifahamu benchi vizuri kuliko mtu yeyote, nikalikalia kimya. Nilijiambia sijasema uongo mahakamani, nimejibu nilichoulizwa. Niliutafuna ujanja huo wiki nzima kwa raha. Sasa nauona ulivyo, nami naona aibu, Maswali, aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jana nilifunga cherehani nikaenda polisi na barua ile uliyonirudishia. Nilimkabidhi ofisa nikamwambia niliyeitunga ni mimi, mdogo wangu aliniamini. Akanitazama, akaniuliza, "Mama, unajua unachokifanya?" Nikamwambia ningekuwa najua ninachokifanya nisingefika hapa. Ameandika maelezo yangu. Nitaitwa. Kutoka hapo nikaenda kwa wakili wako nikaapa juu ya benchi, na redio, na maneno ya Baba. Anasema ukitaka kukata rufaa kiapo hicho kinaweza kuigeuza hukumu.

Mama Pacha amepata habari. Amekuja akazichukua sare za wanawe wakubwa zikiwa hazina vifungo, hata bei hakuuliza. Nikamwambia siwezi kuwaachia njia iliyosimama juu ya kifungo cha mdogo wangu. Akasema, "Ungelifikiria hilo kabla wanangu hawajaizoea." Mtoto akigongwa tena kule kwenye malori nitajua nina mkono wangu humo. Rufaa utaamua wewe, mimi sitakusukuma. Lakini kabla hujaamua, njoo ukae hapa asubuhi moja usikie miguu ya watoto wakipita.

Chumba usijenge. Vitambaa nimevihamishia kibarazani, vyote, na chumba kimebaki na kitanda na dirisha. Wala usiniletee habari za huruma. Nimechoka kugombana na watu wasio wa damu yangu, nakutaka hapa nigombane nawe.

Mahali hapa nilikuwa nimeandika swali: redio ya Baba ilikuwa na rangi gani? Nilitaka kuona kama kweli unakumbuka. Nimelikata kwa wino. Mkato huo labda hutauona, na mimi ningeweza kukaa kimya. Ndiyo maana nakwambia.

Ukishuka stendi mwambie mtu akufikishe mwanzo wa mtaa wetu, halafu mwache aende zake. Nyumba usiitafute kwa macho, sikiliza redio. Nitakuwa nimelitoa benchi nikaliweka katikati ya uchochoro, nimekaa, nimefungulia sauti yote. Hukumu inasema hakuna mtu wa kuuziba, lakini siku hiyo watazunguka, na atakayetaka kunishtaki anamjua wakili. Nitawasalimia mmoja mmoja, niwaulize habari za watoto, niwaambie mdogo wangu anarudi, leo njia inapumzika.

Dada yako